Milio 190 Katika Sauti ya Wacera

Saa moja asubuhi, Mogogosiek. Majirani wameshaingia shambani kuchuma majani chai, lakini Chepkorir ameketi mbele ya kompyuta, hedifoni masikioni, mguu wa kulia ukitikisika chini ya meza bila kupumzika. Anasikiliza, anasimamisha, anafuta. Anarudi nyuma na kusikiliza tena.

"Sikia hapo," ananiambia, akinivika hedifoni.

Sauti ya mwanamke, nzito na tamu, inamwita binti yake: Cate. Na juu ya jina hilo hilo, mlio mfupi: tik. Punde tu, tik nyingine.

Mwanamke huyo ni Wacera, muuza viatu mjini Kericho. Madaktari walimwambia koo lake lazima lipasuliwe, na kwamba huenda sauti isirudi. Cate anaolewa Desemba. Wacera alitaka jambo moja tu: maneno yake ya kumbariki binti yake yarekodiwe mapema, yachezwe siku ya harusi.

Akaelekezwa kwa Chepkorir, 34, ambaye kwa miaka sita amerekodi kwaya na waimbaji wa injili katika chumba kilicho nyuma ya nyumba yake. Kuta amezifunika blanketi kuukuu na magunia kuzuia mwangwi. Wimbo mmoja ni shilingi 1,500. Kazi ni ya asubuhi tu, maana mvua ya alasiri ikianza kupiga mabati, hakuna cha kurekodi.

Mara ya kwanza Wacera alikuja na sauti kamili. Tik zikaingia. Wiki iliyofuata sauti ilikuwa imeanza kukwaruza, na tik zilikuwepo bado.

"Nilibadilisha waya zote. Maiki nikaazima kanisani. Nikalaumu stima, nikalaumu hata simu ya huyo mama. Na yeye ananiambia tu, 'Usijali mwanangu, tutajaribu tena.' Hiyo ndiyo ilikuwa inaniuma."

Siku nne kabla ya upasuaji, stima ikapotea kijiji kizima. Kompyuta ilikuwa na chaji, basi Chepkorir akarekodi chumba kitupu, kujaribu tu. Tik. Kumbe haikuwa stima ya nyumba. Akatoka nje, akaufuata waya mmoja aliokuwa ameufunga mwenyewe hadi nyuma ya chumba.

Wiki moja kabla Wacera hajafika, studio ilikuwa na mvumo. Kwa ujanja wake, Chepkorir alichukua waya wa kupeleka stima ardhini akaufunga kwenye chuma alichokikuta kimechomekwa ardhini hapo. Mvumo ukaisha, akajisifu. Hakujua kwamba chuma hicho ni cha fensi ya umeme ambayo mumewe, Robert, alikuwa ameifunga kuzuia ng'ombe wasiingie kwenye mahindi. Fensi hiyo inatumia betri ya sola, na inapiga karibu kila sekunde, stima iwepo au isiwepo; kila pigo lilipita kwenye waya ule hadi ndani ya rekodi.

"Nilijiita mjinga kwa sauti. Robert akadhani natukana ng'ombe."

Jumamosi waya ukafunguliwa, fensi ikazimwa, Robert akasimama na fimbo kulinda mahindi. Wacera akaongea kwa mara ya tatu. Lakini sauti ilikuwa imekwisha, maneno mengine yakitoka pumzi tupu.

"Ilikuwa safi kabisa, hakuna tik hata moja," anasema Chepkorir, akitazama dirishani. "Na sikuitaka."

Ndiyo maana amerudi kwenye ile ya kwanza: dakika nne, tik 190. Kompyuta inaweza kuzifuta zote mara moja, lakini anasema inakula na ncha za maneno. Kwa hiyo anazitoa moja moja, kwa mkono, kila asubuhi. Majani chai yatangoja.

Akimaliza, anapanga kuchomeka chuma chake mwenyewe, mbali na fensi ya ng'ombe. Kwanza harusi ya Desemba.

Wacera ameshapasuliwa. Haongei. Kila siku kabla ya saa nne humwandikia Chepkorir swali moja, na leo simu inawaka nikiwa naaga: "Zimebaki ngapi?"

Chepkorir anahesabu kwenye skrini, kisha anajibu kwa kidole kimoja, mguu ukiwa umetulia kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Mia na saba, mama. Ile ya kwenye jina la Cate nimeitoa leo."