Amri Iliyochelewa Kufika Jikoni

Jenerali mstaafu wa Mbooni hukunja leso yake mara nne, hunyoosha kola kwa vidole viwili, na huongea taratibu kana kwamba kila neno litapigwa muhuri. "Chai." "Viatu." "Maji ya kuoga." Mkewe, Wayua, amezizoea amri hizo. Jenerali huyu ndiye aliyepiga marufuku askari kutumwa kazi za nyumbani kwa wakubwa, na jeshi zima likamsifu kwa mageuzi hayo. Askari wawili waliokuwa wakimpikia na kumfulia walirudi kambini, jiko na beseni vikabaki kwa Wayua.

Jumamosi moja Musyimi, mmoja wa askari hao, alikuja kutoka Nuu na mbuzi wa shukrani. "Afande, ulitutoa jikoni," akasema, machozi yakimlengalenga. "Tukakuwa watu."

Jenerali aliitikia kwa kichwa, kisha akaita, "Chai!"

Wayua alitoka jikoni, akavua aproni, akaketi karibu na mgeni, akamgeukia mumewe. "Hata mimi, Baba Kavata, nangoja hiyo amri inifikie."

Musyimi aliinama akatazama sakafu. Jenerali alisimama, akaenda jikoni mgongo ukiwa wima. Sufuria zikagongana kwa muda mrefu.

"Mama Kavata," akauliza kwa upole, "majani iko wapi?"

Wayua alimwelekeza bila kuinuka.