Mazishi Niliyoyaona Mara Mbili

Nilipangiwa kufundisha kijiji cha Nyakitonto, wilaya ya Kasulu, nikitokea Tanga, na kitu cha kwanza nilichokipenda huku ni filamu zao. Sisemi zile za Dar zenye majumba na magari ya kuazima. Nasema hizi za wapiga picha za harusi wa Kasulu: kamera moja, damu ya juisi ya rozela, na mzimu uliovaa kandambili. Mtu akipigwa risasi unamsikia kabisa mwenzake nyuma ya kamera akisema "paa!" kwa mdomo. Nacheka mpaka mbavu zinauma, halafu mama mmoja anaanza kulia kwa Kiha, sielewi hata neno, na mimi nalia naye.

Shuleni nilizitazama peke yangu kwenye simu, maana mwalimu wetu wa nidhamu hakutaka hata kuzisikia. Alikuwa mzee mwembamba wa suti ya kijivu, mwenyeji wa kijiji cha Kitanga. Mwanafunzi akikutwa kibanda umiza, akitazama video za kulipia kiingilio, ole wake. Hata mimi aliwahi kunikuta ofisini nikicheka.

"Mwalimu," akaniambia, "mtu na akili zako unaangalia wachawi?"

Nikazima simu.

Alifariki ghafla wakati wa likizo. Presha, walisema. Tulimzika kwao Kitanga, mvua inanyesha, udongo mwekundu unatuvua viatu. Kulikuwa na mtu anazunguka na kamera na sikushangaa. Siku hizi misiba inarekodiwa kama harusi.

Miezi kadhaa baadaye nilikuwa Kibondo kwa semina. Jumamosi mchana hatukuwa na kipindi, nikaingia kibanda umiza kimoja karibu na soko. Walikuwa wanaonyesha filamu ya mganga tapeli. Mganga akatoka kwenye kibanda cha nyasi, ngozi ya mbuzi begani, uso mzima chokaa, akawa anarukaruka na kubweka kama mbwa ili kuita mizimu. Watu hoi. Na mimi hoi. Kisha akavaa miwani asome kiganja cha mteja, miwani ikateleza, akaikunja pua kuirudisha juu.

Nikaacha kucheka. Nimekaa ofisi moja na mtu anayekunja pua namna ile. Nikamtazama tena: mabega yale, shingo ile ndefu.

"Mwalimu!" nikapiga kelele.

"Unamjua?" aliyekaa kando yangu akauliza.

Kabla sijamjibu, mganga akafa. Hawakuonyesha anavyokufa, sauti tu ilisema mganga hatunaye tena, kisha yakaja mazishi. Mvua. Udongo mwekundu. Jeneza lile lile. Halafu nikajiona mimi, kwenye kitenge changu cha bluu, mikono kichwani, mdomo wazi, nalia.

"Huyu dada anajua kuigiza," mtu wa nyuma akasema, wenzake wakicheka. "Analia kama kweli vile."

Nilitoka nje. Nilijiuliza ni binadamu gani anaweza kuchukua msiba wa watu akautia kwenye vichekesho. Semina ilipoisha sikurudi Nyakitonto. Nilikwenda Kitanga kwa mjane wake, asije akaisikia habari ile barabarani.

Nilimkuta uani anamenya mihogo.

"Mwakeye, mama," nikamwamkia kwa Kiha changu cha kubahatisha, kisha nikamweleza niliyoyaona, kwa kigugumizi. Alisikiliza hadi nikamaliza.

"Umeiangalia mpaka mwisho?" akauliza.

"Mama, unaijua?"

"Ile ngozi ya mbuzi nimemshonea mimi."

Akaniambia kuwa kila likizo, mumewe akituaga kwamba anakwenda Kasulu kusahihisha mitihani, alikuwa anakwenda kuigiza. Kijijini kwake walijua, wakamtunzia siri. Aliogopa wanafunzi wakimwona anabweka hawatamwogopa tena.

"Alipofariki, filamu ilikuwa katikati," akasema. "Yule mpiga picha alikuja hapa analia, anataka kuiacha. Nikamwambia, mzee hakupenda kazi iachwe njiani. Njoo mazishini na kamera yako."

"Lakini sisi wengine hatukuulizwa," nikasema. Sauti yangu ilikuwa kali kuliko nilivyotaka. "Watu wamenicheka, mama. Nalia kwa uchungu, wanacheka."

Akaweka kisu chini.

"Ni kweli, hamkuulizwa. Siku ile sikuwa na akili za kumuuliza mtu. Unisamehe, mwanangu."

Alijifuta mikono kwenye kanga, akaenda ndani, akarudi na simu. Tukaangalia pale penye kubweka. Akarudisha nyuma, tukaangalia tena, akacheka hadi akalazimika kushika mbavu, kisha akasimamisha picha, akamtazama mumewe amesimama na chokaa usoni.

"Ipo nyingine," akasema, akitafuta kwa kidole. "Humu yeye ndiye bibi harusi."

Nikavuta kigoda, nikakaa.