Bakuli la Samaki kwa Mtu Asiyekula Samaki

Ni asubuhi na Emérence anafunga kitambaa juu ya bakuli la bati, mbele ya kibanda chake cha kuuza chakula hapa Nateete, Kampala. Wateja wawili wanangoja chai. Wangoje! Bakuli hili lina safari yake.

Mumewe, Zéphyrin, ni fundi saa. Walikuja wanajeshi wenye miwani myeusi, wakadai wanapeleleza magendo ya sukari, wakaondoka naye hadi kituo cha polisi. Tangu hapo mama huyu mzaliwa wa Bukavu hupeleka chakula kituoni hapo kila siku. Siku hizi za utawala wa jeshi, Kampala nzima inajua: chakula kikipokewa, mtu wako yumo. Kikikataliwa, rudi nyumbani ukalie.

Chake kilipokewa, na bakuli likarudi tupu.

"Nilifurahi sana," anasema. "Bwana yangu anakula, basi iko muzima."

Wiki iliyopita akakosa maharage sokoni. Akapeleka samaki, ingawa Zéphyrin hamgusi samaki, hata harufu yake humtapisha. Bakuli likarudi na miiba mitupu.

"Nikasema, ala! Nani anakula chakula yangu?"

Akambana konstebo Obwona, Mwacholi mpole anayepokea vyakula, mpaka akasema ukweli. Zéphyrin aliondolewa kituoni siku ya pili tu. Akapelekwa wapi? Obwona hajui. Anayekula ni Otema, dereva wa lori kutoka Gulu, mahabusu asiye na ndugu mjini.

"Mama, mimi ningekataa chakula, wewe ungeanza kulia matanga," Obwona alimwambia. "Na mimi sijui kama mtu amekufa."

Nilimtafuta konstebo huyo, akakubali kuzungumza mradi nibadilishe majina yao wote. Na sheria je?

"Sheria iko," anasema, jicho mlangoni. "Mtu akikamatwa, saa ishirini na nne anafika kotini. Hakuna mtu amefuta hiyo. Lakini amri mpya inasema jeshi pia inaweza kukamata. Sasa wao wanapeleka mtu koti gani? Nikiuliza, na mimi nitalala ndani na Otema."

Nilimuuliza wakili mmoja wa hapa mjini. Akanitazama, akaniuliza kama nina watoto. Mimi mwenyewe nimechanganyikiwa, wala sioni haya kusema.

Emérence hajaacha kumpikia Otema. "Atakula nini, masikini? Kosa haiko yake."

Ila Jumatatu atabeba bakuli la pili hadi lango la gereza la Luzira, maana amesikia kuna waliohamishiwa huko. Anasema atatia samaki.

Samaki tena, mama?

Anacheka kidogo, machozi yakimlengalenga.

"Maharage kila mutu anakula. Wakipokea samaki yangu, halafu inarudi nzima, haikuguswa, nitajua bwana yangu iko pale."