Waya wa Bluu na Kiganja Changu

Nichekeni polepole, bado naona haya. Kwa cyber yangu hapa Eldoret, skana ilikuwa ikileta picha kwa kompyuta mstari kwa mstari, hadi mteja anaenda sokoni na kurudi. Jana fundi Kamau alichomeka waya mpya wa bluu kutoka skana hadi kompyuta, akasema ni USB 3, uko na mbio ajabu.

Mama mmoja wa Cheptiret akaleta picha ya harusi yake. Nilikuwa nimemskania mwaka jana, lakini simu alimoiweka ikaibiwa. Nikabonyeza. Mungu wangu! Taa ilipita mara moja tu, na bibi harusi akawa kwa skrini mzima, hadi matone ya mvua kwenye shela.

Nikasema haiwezekani, hii ni ile ya mwaka jana iliyobaki kwa kompyuta. Nikaifuta, nikarudia, ikatokea papo hapo, nikaifuta tena. Nikamgeukia fundi mbele ya wateja wote: "Umeniwekea waya feki!"

"Basi weka kitu haijawahi skaniwa," Mama akasema.

Kwa hasira nikabandika kiganja changu kwa kioo. Kabla sijakitoa, kikajaa skrini, kikubwa kama sinia: kila mstari, pete, mafuta, na vipande vya mandazi.

Fundi akageuka ukutani, akasoma kwa sauti bango nililoandika mwenyewe: "Ni marufuku kula karibu na mashine."