Tebo ya Nyumba Tatu

Kwenye programu ya mazishi ya babangu, mamangu hayumo. Mimi pia simo. Na aliyeichapa ni mimi. Nimeanza na hiyo tumalizane nayo, maana hapa Tassia kila mtu anaijua na wengine wanaisimulia vizuri kuliko mimi.

Niko na saiba, kibanda cha intaneti na kuchapa, kompyuta tatu, moja ni ya urembo. Shule niliikimbia kabla ya mtihani wa mwisho, lakini usinidharau haraka. Mwalimu mmoja wa chuo, mpangaji wa flati ya juu, alinifunza LaTeX, programu ya kompyuta ya kupanga maandishi. Hiyo huvuti mistari na mausi ukiibembeleza. Unaandika amri, kompyuta inapanga ukurasa yenyewe. Na ukichoka kurudia amri ndefu, unajitungia moja fupi ya kuzibeba zote. Hiyo ndiyo makro. Siku nilipoielewa nilitembea kama injinia, na viatu ni vya mtumba.

Baba alikuwa na nyumba tatu. Mbili ziko nyumbani, magharibi. Ya tatu ni mamangu, aliyeishi naye Kaloleni, hapa Nairobi, akamfulia ovaroli miaka yote na kumuuguza mpaka mwisho. Huko nyumbani walimwita "yule mama wa Nairobi", basi. Baba alipofariki kikao kilivutana sana kama aingie kwenye programu, mpaka kaka yetu mkubwa, wa nyumba ya kwanza, akakubali.

"Sawa. Mama mdogo aandikwe. Ataitwa na wenzake, asimame na wenzake, atupe mchanga na wenzake."

Mama, ambaye huniita baba, akanipigia simu jioni hiyo hiyo. "Baba, uandike jina langu lote. Na la ubatizo usisahau."

Nikasema hiyo ni kazi ndogo.

Tebo yenyewe, lile jedwali la familia kwenye programu, ilikuwa na maringo. Kila mke apate kisanduku kirefu kushoto, kishuke mpaka kifunike watoto wake wote. Kila mtoto apate mstari wake: jina, mume au mke, anakoishi. Kutunga makro mpya niliona uvivu. Nikachukua ile niliyokuwa nimetengenezea shule fulani ya Kayole tebo ya matokeo. Ilikuwa na ujanja wake: mstari wenye kisanduku kitupu unafichwa, kwa sababu huyo mtoto hakufanya mtihani. Nikabadilisha vichwa tu. Palipokuwa "Alama" pakawa "Mume/Mke". Nikajipigia makofi.

Ndugu zangu wote wameoa au wameolewa. Kwangu, pale pa mke, niliacha wazi. Mama ya mtoto wangu alikuwa amerudi kwao Machakos na sufuria zote, sasa ningeandika nini, sufuria? Kompyuta ikanitazama, ikaona huyu ni yule aliyekimbia mtihani, na kusema ukweli haikukosea, ikanificha. Na kwa vile mamangu hana mtoto mwingine, kisanduku chake kikakosa mstari wa kushikilia. Naye akaenda. Hata pengo halikubaki. Ukurasa ulijifunga vizuri, laini za juu na chini zimekutana, mrembo kabisa.

Nilituma PDF kwa grupu ya familia. Kila mtu alitafuta jina lake, akalipata, akaandika amina. Mimi nilikagua laini. Jina langu nililijua, la kulitafutia ni nini? Mama simu yake ni ya mulika mwizi, haifungui PDF, hakuona chochote.

Siku ya mazishi msema chochote, yaani MC, akashika karatasi. "Nyumba ya kwanza!" Wakasimama. "Nyumba ya pili!" Wakasimama. Mama akanyoosha rinda, akaweka mkoba chini, akainuka kabla hajaitwa.

"Asanteni. Sasa tumkaribishe mchungaji."

Nikapaza sauti, "Bado nyumba ya tatu!"

Akageuza karatasi nyuma na mbele. "Hapa haipo, ndugu yangu."

Nikamwendea kaka mkubwa. "Kaka, sema kitu. Si tulikubaliana?"

"Niseme nini? Karatasi si ni yako?" Hata hakushusha sauti. "Wewe mwenyewe umeshindwa kumwandika mamako, sasa unataka sisi?"

Nyuma kuna watu walicheka. Ningekuwa mimi si mimi, ningecheka pia, ilikuwa tamu.

Mama alikuwa bado amesimama. Akanivuta shati. "Keti, baba. Watu wanatuangalia."

Mchanga aliutupa baadaye, peke yake, watu wakiwa kwenye foleni ya wali.

Kwenye safari ya kurudi nilimweleza. Jaribu siku moja kumweleza mjane makro. Alisikiza, akatingisha kichwa, akasema, "Ni sawa." Mpaka leo sijui kama aliniamini, au anadhani kaka aliniambia nimtoe, nami nikamtoa.

Niliporudi Tassia nilimwita rafiki yangu, fundi wa simu wa kibanda cha jirani, nikamfungulia faili nzima. Nikamwonyesha makro, kisanduku kitupu, mstari uliofichwa, kila kitu. Alikodolea kioo muda mrefu. Nilidhani anatafuta maneno ya kunipa pole.

"Buda," akasema, "na si ungeweka tu kakistari hapo kwa mke?"