Walizika mgomba Mabanga, mtoto yuko hai Kitale

Ni Jumamosi, saa tatu asubuhi, na ndani ya ghala kuukuu la mahindi nyuma ya soko la Kitale mvulana mmoja amemng'ata mwenzake mkononi. Edinah Naliaka hapandishi sauti. Anamgusa mng'ataji begani, anakunja uso kumwonyesha kwamba ameiona hasira yake, kisha anamketisha mbele ya beseni la mahindi.

"Pukuchua mpaka itoke," anamwambia.

Itoke nini? Hasira. Hapa ukikasirika hupigwi wala hufukuzwi, unapewa mahindi. Unapukuchua hadi moyo utulie, halafu unasimama mbele ya wenzako na kueleza, kwa mdomo au kwa mikono, kilichokuudhi. Mahindi yenyewe husagwa, yakawa uji. Edinah hutania kwamba wiki ambayo watoto wana amani, uji huwa mwepesi.

Mama huyu mwenye umri wa miaka 43 ni fundi wa kushona nguo. Hana cheti cha ualimu, ingawa wazazi wote hapa humwita Mwalimu. Siku za wiki hushinda kwenye cherehani, na siku ikiwa njema hurudi nyumbani na shilingi mia mbili. Jumamosi hafungui kibanda.

Alianza kazi hii mwaka 2004, baada ya kitinda mimba wake, ambaye hawezi kutembea, kukaa ndani mwaka mzima bila mtoto hata mmoja wa kucheza naye. "Hospitali waliangalia miguu," anasema. "Hakuna mtu aliniuliza kama ako na marafiki."

Akaanza kuwakusanya watoto wa jirani: wasiosikia, wasioona vizuri, wanaochelewa kuelewa, na pia wale wasio na shida yoyote. Alisisitiza hao wa mwisho wawepo. "Si hao wazima ndio wako na kazi mingi ya kujifunza," anasema, na kucheka.

Lakini si mahindi wala uji uliomleta mwandishi huyu Kitale. Ni msichana aliyeketi karibu na dirisha, mwenye sweta ya kijani, anayemfungia mtoto mdogo kamba za viatu. Ana miaka kumi hivi. Hasikii, na huzungumza kwa ishara. Huko Mabanga, karibu na mji wa Bungoma, ana kaburi.

Ndiyo, kaburi. Mwandishi huyu ameliona kwa macho yake. Lina msalaba wa mbao, na msalaba umeandikwa jina la mtoto huyu anayefunga kamba za viatu.

Mwanzoni mwa 2008, miaka miwili iliyopita, siku zile za vurugu za baada ya uchaguzi, muuza kabichi aitwaye Waruguru alimkuta mtoto huyo amelala chini ya meza yake sokoni. Waruguru mwenyewe alikuwa ametoroka shamba lake siku chache tu kabla, akawa analala kanisani. Alimpeleka kwa polisi, akampeleka kwa chifu. Hakuna aliyekuja kumuulizia. Mwishowe akampa jina la mama yake mwenyewe, Nyaruai, akaanza kumlea na kumleta kwa Edinah kila Jumamosi.

Miezi ya kwanza ilikuwa migumu. Lori likipita na sakafu ikatikisika, mtoto alijikunyata chini ya benchi na hakuna aliyeweza kumtoa. Edinah, aliyejifunza lugha ya ishara kwa seremala mmoja kiziwi wa karakana za jua kali, alikuwa akiingia naye chini ya benchi na kukaa tu. Taratibu msichana akajifunza ishara ya njaa, ya furaha, ya woga. Kuhusu alikotoka, hakutaka kuonyesha chochote.

Agosti mwaka huu, wanawake kutoka Bungoma walikuja kujionea kazi hii ili waanzishe kikundi chao. Mmoja wao, Rispah, anatoka Mabanga. Msichana alimpelekea kikombe cha uji. Rispah alimtazama usoni, akaona kovu la kidevuni, na kikombe kikamponyoka. Wenzake walidhani ameungua.

"Huyu tulimzika," alisema. "Mimi ndio nilipika chai ya hiyo matanga."

Rispah alieleza kwamba mtoto huyo anaitwa Nakhungu, na kwamba maiti haikuwahi kuonekana. Pale mwili unapokosekana, shina la mgomba huzikwa mahali pake, ili aliyekufa apumzike na waliobaki wapate kulala. Mgomba ukavishwa shuka, ukaliliwa, ukafukiwa.

Wiki iliyofuata Edinah na Rispah walifunga safari hadi kwa babu ya mtoto, Mzee Wabwile. Aliwapokea vizuri, chai ikaletwa. Waliposema kilichowaleta, uso wake ulibadilika.

"Hiyo mtoto tulishalilia," alisema. "Watu walikuja, wakakula, wakaenda. Sasa niambie watu nini? Ati aliamka?"

Kwa mzee, aliyezikwa akiingia kwa lango kama mgeni anakuja na kifo mkononi, nao watoto wengine wa boma ndio watakaokipokea. Edinah ni wa huko huko Bungoma na mila hiyo anaijua, hivyo hakuicheka. Alimjibu kwa heshima, akimwita babu kwa lugha yao: "Kuka, sikukuja kubishana na mila. Nataka tu kuongea na baba yake."

Baba, Kizito, alikuwa ameketi nje ya dirisha akisikiliza yote. Mama yake Nakhungu alifariki zamani. Kizito aliingia, akakataa kiti, na akaanza kusema jambo ambalo hata baba yake mzazi hakuwa amewahi kulisikia.

Walikuwa wamekodi shamba Endebess, si mbali na Kitale. Milio ya risasi ilipoanza, Nakhungu alikuwa akichota maji mtoni, amewapa mgongo.

"Nilimwita," Kizito alisema. "Nikaita sana. Halafu nikakumbuka hasikii."

Kisha akaendelea: "Ilikuwa niende nimshike mkono. Hapo si mbali, ni kama hapa na hiyo zizi. Nilikuwa nimebeba mdogo wake. Sikuenda."

Nyumbani aliwaambia watu kwamba alimwona binti yake akipigwa risasi. Ni yeye aliyeukata ule mgomba. Mzee Wabwile aliposikia hayo aliinuka na kutoka nje, chai yake ikabaki mezani.

Mwandishi huyu ana watoto. Kizito aliporudia maneno hayo mbele yake, kwa sauti ya chini, huku akitazama mikono yake, mwandishi alimchukia, na bado hajui kama amemaliza kumchukia. Edinah yeye hataki kusikia habari hizo. "Kuchukia ni rahisi," anasema. "Tukimchukia, nani atamfundisha?"

Mwezi Septemba Kizito alikuja Kitale. Nakhungu alimtambua pale pale mlangoni. Hakulia, hakukimbia. Alikwenda mwenyewe kuchukua beseni, akaketi, akaanza kupukuchua. Kizito alikaa mbele yake na kuchukua hindi moja. Msichana akalivuta beseni upande wake.

Alipukuchua hadi kidole kikatoka damu, na Edinah hakumzuia. Ilipofika zamu ya kueleza, alisimama mbele ya watoto wenzake na kuchora hewani ishara chache. Edinah alilazimika kumtafsiria baba.

"Anasema aligeuka," alimwambia. "Anasema aliona mgongo wako."

Tangu siku hiyo Kizito huja kila Jumamosi anapopata nauli. Huketi kwenye kibenchi kifupi katikati ya watoto na kujifunza ishara nao. Mikono yake imezoea jembe, vidole havikunjiki vizuri, na watoto humcheka bila kuficha. Nakhungu bado hajamketia karibu.

Waruguru hutazama haya yote. Anasema hawezi kumzuia mtoto kurudi kwao, ila angependa naye aulizwe. "Mimi sikumzaa," anasema. "Lakini pia sikumkimbia."

Kule Mabanga mambo yamegeuka. Tangu ajue kwamba mgomba ule ulizikwa kwa uongo, Mzee Wabwile anataka kaburi lifukuliwe Desemba ukoo ukikusanyika, mgomba utolewe, kondoo achinjwe, na mjukuu wake aingizwe nyumbani inavyotakiwa. Kanisa limeomba kufanya maombi siku hiyo. Kila mtu ana haraka.

Edinah amekataa tarehe hiyo. Mwezi ujao yeye na Rispah wataanzisha kikundi huko, na ameomba kianzie uani kwa mzee mwenyewe, ili binamu, shangazi na majirani wajifunze ishara kabla mtoto hajakanyaga hapo. "Nitampelekaje nyumbani kama hakuna mtu anajua kumwita?" anauliza. Na hata wakijua, atakayesema ndiyo ni Nakhungu.

Je, akisema hapana?

Upande wa pili wa ghala, Kizito anajaribu ishara ya "samahani" na mtoto mmoja anamrekebisha kidole.

"Basi wafukue mgomba yao, mtoto abaki huku," anasema Edinah. "Na baba yake aendelee kukuja kila Jumamosi. Ile mwendo hakutembea siku ile, wacha aitembee sasa."