Makofi Matatu Getini

Saa tisa na dakika kumi alasiri, Jumapili, nilimpigia mdogo wangu simu ya video ili nimwambie kwamba nimemkatia tiketi ya kurudi London. Sikuwa nimemuuliza. Alikuwa na mwaka mmoja Brazil, katika mji mdogo wa wakulima wa kahawa alikozaliwa mumewe, nami nilikuwa na hakika amechoka.

Nilianza kwa kumkumbusha maktaba na makumbusho ya London, ambako nimejisomesha mwenyewe bila ada. Kabla sijafika kwenye tiketi, nikasikia makofi matatu.

“Nani anakushangilia?”

“Hodi hiyo, kaka. Huku wanapiga makofi getini.” Akageuka, akaita, “Karibu!”

“Asante sana!” akaitikia jirani yake, mama mkulima, kwa Kiswahili alichofundishwa na mdogo wangu. Akaingia na boga kubwa, akavuta kiti, akakaa kama yuko kwake.

“Kwako nani kapiga hodi wiki hii?” mdogo wangu akanitania.

“Mleta vifurushi.”

“Vyako?”

“Vya jirani.”

Alicheka mpaka akaegemea meza. Mimi niliona wivu, tena mkali. Nimekaa Hounslow, hapa London, miaka kumi na tisa, na huyo jirani tunayechangia naye ukuta najua jina lake kwa kulisoma kwenye vifurushi. Nilitaka mdogo wangu arudi ili na mimi nigongewe mlango.

Tiketi sikuitaja. Nilipokata simu nilijaribu kuirudisha hiyo tiketi, ikakataliwa. Nilipoteza pauni mia sita na kumi na mbili.